Bodi Likigongwa Mara Moja

Mama mkubwa hajawahi kuzaa, lakini siku nilipowahesabu waliolala kwenye mkeka wake saa saba mchana walikuwa kumi na mmoja. Mkubwa wao alikuwa na miaka mitatu na kidogo. Mdogo alikuwa na miezi minane na hajaota hata jino moja. Wote ni watoto wa akina mama wanaofanya kazi kwenye gereji ya mabasi: waosha mabasi, mpishi wa kantini, dada wa tiketi, na mwingine anayeshona viti vilivyochanika. Chumba chetu zamani kilikuwa stoo ya matairi. Mpaka leo mvua ikinyesha kinanuka mpira.

Mimi ni mtoto wa mdogo wake. Nilikuja kwake nina miaka kumi na mmoja, mama alipougua na shule ikaishia darasa la nne. Sikuwa msemaji, na sijawa. Yeye hakunilazimisha. Siku ya kwanza alinipa kikombe cha chai, akaniambia, "Wewe kaa hapo uangalie. Ukiona mtoto anaelekea mlangoni usipige kelele, nenda tu ukasimame mbele yake." Kusoma kwenyewe nilimalizia kwake, kwenye vibao vya njia vya mabasi. Kila kibao kilichoharibika alikiokota akakileta nyumbani, tukakisoma, halafu tukakifanya meza ya watoto.

Gereji nzima inamwita Konda. Alikuwa kondakta miaka kumi na minne, mlango wa nyuma, mpaka goti la kushoto likagoma. Goti hilo analisema kama mtu. "Leo mwenzangu kaamka vibaya," atasema, na hapo unajua siku hiyo vitu vya chini utaokota wewe. Alipoacha basi hakwenda mbali. Alivuka yadi tu, akaomba stoo ya matairi. Msimamizi wa gereji, mwanamume mwembamba mwenye kalamu sikioni saa zote, alimkubalia kwa sababu waosha mabasi walikuwa wanafanya kazi na watoto mgongoni, na maji ya sabuni yalikuwa yanawaingia watoto machoni.

Kutoka mlango wetu mpaka basi la kwanza ni hatua zangu ishirini na mbili. Kwa hiyo kumfundisha mtoto vyombo vya usafiri, kwetu, hakukuwa pambo la kumfurahisha mzazi. Mtoto wa pale anajua kunguruma kwa injini kabla hajajua jina lake.

Mwanzoni mama mkubwa alitumia video za katuni, zile ambazo magari yana macho na meno na yanaongea. Watoto walizipenda sana, walikuwa wanailamba simu. Mmoja wao ndiye huyu ninayetaka kumsimulia, mtoto wa muosha mabasi, miaka miwili na nusu, ambaye mafundi walimpa jina la Breki kwa sababu hakuwa nayo. Siku moja mama mkubwa alimbeba mpaka mlangoni akamwuliza, "Gari liko wapi?" Mbele yao lilisimama basi la kijani, refu kuliko nyumba. Breki akaliangalia kuanzia taa mpaka tairi, akasema, "Hakuna."

Mama mkubwa alicheka, kisha akamshusha chini.

"Halina macho," aliniambia. "Tunawafundisha gari ambalo halipo. Lete simu yako."

Tangu siku hiyo video tukapiga wenyewe, yaani nilipiga mimi, yeye akaelekeza. Kila moja haikufika dakika. Baiskeli ya muuza maziwa ikipita getini. Lori la mchanga likimwaga. Treni, tuliyoisubiri darajani asubuhi nzima na yeye amekalia ndoo kwa ajili ya goti. Pikipiki ikiwashwa, ikazimwa, ikawashwa. Ndege nilishindwa, ilitoka kama nzi kwenye bati, lakini watoto waliikubali.

Alikuwa na utaratibu wake. Simu tuliifunga juu ya kigoda kwa mpira wa tyubu, watoto wanatazama mara moja, halafu simu inafunikwa kitambaa. Hapo hapo kile walichokiona kinachezwa. Basi letu lilikuwa maboksi manane yaliyopangwa mistari miwili, usukani ni mfuniko wa ndoo, na mlango wa nyuma ni yeye mwenyewe. Aliyeweza kutembea alipanda. Asiyeweza alipandishwa. Yule wa miezi minane aliketishwa mapajani kwangu, na kazi yake ilikuwa kushtuka honi ikilia, kisha kucheka. "Huyu ndiye abiria wangu mzuri," mama mkubwa alisema. "Hagombani, hasukumani, na hajawahi kuniambia amesahau kushuka."

Sasa nije kwenye video iliyotuponza. Hiyo nayo nilipiga mimi, siwezi kumsingizia mtu.

Pale gereji, anayeongoza basi akiwa nje huongea na dereva kwa kugonga bodi. Akigonga mara moja, simama. Mara mbili, ondoka. Dereva hamwoni mtu wa nyuma, anasikia bati tu. Mama mkubwa alifanya hivyo miaka kumi na minne, na kiganja chake cha kulia ni kigumu kama kisigino. Siku moja akaniambia nimpige video akigonga. Nilifanya hivyo. Anaonekana amesimama nyuma ya basi la kijani, anagonga mara mbili, ta-ta, na basi zima, lenye viti hamsini na viwili, linaondoka kwa kumsikiliza yeye. Usoni ana furaha ambayo sijaiona tena. Nadhani ndiyo maana hatukuona ubaya wake.

Watoto hawakutaka nyingine. Wakiketi kwenye maboksi, mmoja anagonga ta-ta na wote wanaunguruma. Waligonga sufuria, mlango, na vichwa vya wenzao. Kugonga mara moja hawakugonga. Mara moja ni kusimama, na nani anataka kusimama.

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, nilikuwa namnawisha mtoto na mama mkubwa anabadilisha mwingine. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Nilipogeuka niliona miguu ya Breki inamalizia hatua ya ishirini. Nilikimbia, lakini yeye alishafika nyuma ya basi la kijani. Akanyoosha mkono, akagonga bodi mara mbili.

Basi likaondoka.

Dereva alikuwa ndani, injini inawaka, anamsubiri muosha mabasi amwambie amemaliza. Alisikia ta-ta, akatia gia. Mbele kulikuwa na ndoo ya maji, na aliyeiweka hapo, mama yake Breki mwenyewe, alikuwa ameondoka nusu dakika kabla kwenda kufungua bomba. Ndoo ililaliwa na tairi mpaka ikawa kama sahani. Breki alibaki amesimama pale nyuma, mahali basi lilipokuwepo, mzima, juani, anapunga mkono. "Twende," alisema.

Nilimbeba. Kwa haraka nilimkamata vibaya akalia. Dereva alishuka, akamwona mtoto, akaona ndoo, akakaa chini kwenye ngazi ya basi lake.

Msimamizi alikuja kabla ya saa tano. Aliiokota ile ndoo akailaza kwenye meza yetu ya kibao.

"Konda, nani alimfundisha?"

"Mimi."

Sikuwahi kumwona mtu akijibu upesi hivyo. Nilitaka kusema video niliipiga mimi, lakini alinitazama kunikataza.

"Nakuheshimu, dada yangu," msimamizi alisema. "Lakini hiki ni chuma. Ijumaa nakuja kuangalia mwenyewe. Nikiona mambo yale yale, utanipa ufunguo, na matairi yarudi humu."

Alipotoka, mama mkubwa aliangalia mkeka. Akina mama kumi na mmoja wangerudi kubeba watoto mgongoni kwenye sabuni, na yeye angebaki na goti. Hakuyasema hayo. Alisema, "Futa ile video."

Niliifuta. Kuwafuta watoto ndiyo ilikuwa kazi. Jumatatu nzima na Jumanne tuliwaambia, "Hatugongi," na kila tukisema hatugongi, mtoto anaangalia mkono wake kama vile ndiyo kwanza ameukumbuka, anagonga. Mama mkubwa aliwapa mito ya kuchezea badala ya masufuria. Wakagonga sakafu. Aliwaimbia. Wakagonga kufuata wimbo.

Jumanne jioni dereva wa basi la kijani alikuja na kikombe chake cha chai, akasimama mlangoni. Ni mtu mnene mwenye utani mwingi, lakini tangu jana yake alikuwa hajatania mtu.

"Habari za chuo," alisema. "Nasikia mnatoa makonda wasio na meno."

"Ingia ndani, usinizibie mwanga."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Ya nini? Ulisikia ta-ta ukaondoka. Hata mimi ningeondoka."

"Ndiyo hiyo inaninyima usingizi, Konda. Kwamba hata sasa, nikisikia, mguu utaenda wenyewe."

Mama mkubwa alikuwa anakunja nepi. Aliacha kukunja.

"Sema tena."

"Mguu unaenda wenyewe. Miaka mingapi? Sifikirii."

"Basi tumekuwa tunafundisha wasiofundishika," alisema polepole. "Hawa wa kwangu nikiwaambia usigonge wanasikia gonga. Lakini ninyi mna ndevu. Ninyi mnaweza kuambiwa."

Asubuhi ya Jumatano alivuka yadi, goti na yote, akawakusanya madereva saba wa zamu ile pamoja na mafundi. Nilimfuata na simu. Aliwaambia kwamba wao wana ndevu na wanaambilika, na kwamba kuanzia siku hiyo, ndani ya geti, kugonga mara mbili hakuna maana yoyote. Anayetaka basi liondoke aende mbele, dereva amwone uso na mkono ulioinuliwa. Mkono usipoonekana, basi haliendi hata bodi ligongwe mpaka libonyee. Lakini likigongwa mara moja, wote wasimame, mikono miwili iinuliwe juu ya usukani ionekane, na asiulize mtu ni nani aliyegonga.

"Hata akigonga mtoto?" aliuliza fundi wa bodi.

"Huyo hasa."

"Yaani nisimamishwe na mtu anayevaa nepi," dereva mmoja kijana alisema, na wenzake wakacheka.

"Wewe ulisimamishwa na nini mwaka jana pale getini?" mama mkubwa alimwuliza.

Wakacheka zaidi, maana ilikuwa nguzo. Yule kijana akaangalia viatu vyake, akasema, haya Konda, nimekubali.

Aliwaambia pia waje darasani, mmoja mmoja, wakipumzika. Sikuamini wangekuja. Walikuja saba. Wa kwanza alikuwa dereva wa basi la kijani, ambaye boksi letu lilimshika kiunoni likagoma kumwachia. Alipewa mfuniko wa ndoo. Akaunguruma vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kuunguruma mle ndani, hata yule wa miezi minane akaacha kunyonya kidole.

Breki akagonga ta-ta.

Dereva hakufanya kitu. Aliendelea kuunguruma kidogo kidogo, akikuna shavu. Breki akagonga tena mara mbili. Hakuna. Akamwangalia mama mkubwa, naye alikuwa anaangalia dari. Mwishowe akachoka, akagonga moja tu, ta, kwa hasira.

Dereva akakata mlio katikati, akarusha mikono yote miwili juu, akabaki mdomo wazi kama sanamu, na boksi likachanika.

Sijawahi kusikia watoto wakicheka vile. Mtu mzima mkubwa namna ile, ameganda, kwa sababu ya kiganja kimoja. Kila mmoja alitaka kumgandisha. Wa mwaka mmoja na nusu alisimamishwa kwa kushikiliwa kwapa, akagonga, naye akagandisha. Dereva kijana alikuja mchana, akaganda akianguka. Baadaye nilimfuata kila dereva yadini nikapiga video saba, na usiposema wewe nitasema mwenyewe: ndizo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mikono yangu. Kila video ni dereva wa kweli, kwenye basi la kweli. Bodi linagongwa mara moja, na mikono miwili inapanda nyuma ya kioo.

Kufika Alhamisi ta-ta ilikuwa imekufa yenyewe, kwa kukosa wa kuijibu. Siku hiyo hiyo fundi wa bodi alitutengenezea mlango nusu, wa kutufikia kifuani, wenye komeo upande wa nje ambalo mkono wa mtoto haulifikii. Aliukata kwenye ubavu wa basi lililokufa. Rangi ya kijani bado ipo, na nusu ya namba.

Ijumaa msimamizi alikuja saa tatu. Alifungua komeo, akaketi kwenye kigoda, magoti karibu yaguse kidevu. Aliangalia video. Aliangalia mchezo. Alipewa zamu ya kuendesha, akakataa, kisha akashika mfuniko wa ndoo kwa adabu tu, na Breki alipogonga akainua mikono miwili, kalamu ikamdondoka sikioni. Watoto walifurahi. Yeye hakutabasamu.

"Nimeona," alisema akisimama. "Ni kazi nzuri, siwezi kukataa. Lakini humu ndani ni maboksi, Konda. Kule nje mtoto hana boksi. Nipe muda nifikirie, mchana nitakuambia. Ufunguo uwe karibu."

"Uko pale kwenye msumari," mama mkubwa alisema. "Haujawahi kuondoka."

Akatoka, akafunga komeo, akapanda pikapu yake iliyokuwa imeegeshwa upande wa bomba. Mama mkubwa aliketi. Aliniambia nianze kukusanya nguo za watoto kwenye mifuko yao, kila mtoto na wake, ili jioni akina mama wasihangaike. Nilikusanya. Sikumwangalia usoni, na yeye hakuniangalia.

Breki alikuwa amesimama kwenye mlango nusu, anachungulia kwenye mwanya. Pikapu ikaanza kurudi nyuma.

Akagonga. Moja.

Lile bati lilikuwa bodi la basi, lililia kama basi. Nje nilisikia pikapu inasimama ghafla, na injini ya basi la tatu inashushwa, na hata mtu wa toroli ya vyuma akasimama, maana gurudumu lake lililia mara moja likanyamaza. Katika yadi yote yalibaki maji ya bomba tu. Nikaenda mlangoni.

Msimamizi alikuwa ndani ya pikapu, mikono miwili juu. Nyuma yake, chini kabisa, mahali ambapo kioo hakifiki, mama yake Breki alikuwa amechuchumaa anatafuta brashi iliyotumbukia chini ya bomba. Bomba lilikuwa wazi, maji yanapiga kelele. Hakuwa amesikia gari wala bati. Kati ya bampa na mgongo wake palikuwa na nafasi ya mtu kupitisha mkono.

"Simama, mama," Breki alisema kwenye mwanya. Hakulia, hakucheka. Alisema tu kama mtu aliye kazini.

Msimamizi alishuka, akazunguka, akaona. Mama yake Breki aliinuka na brashi yake, akamwona bosi karibu namna ile, akamwamkia, "Shikamoo." Hakujua kitu. Alielezwa baadaye na wenzake, akaja akaketi kwenye mkeka wetu na mtoto wake mapajani hadi zamu ikaisha, na hakuna aliyemfuata kumwambia arudi kazini.

Msimamizi hakuja mchana. Wala hakutuma mtu. Ufunguo ulibaki kwenye msumari, na jioni nilitoa zile nguo kwenye mifuko nikazirudisha kwenye kamba. Jumatatu mafundi wawili walikuja na rangi ya njano, wakachora mstari mpana kuanzia mlango wetu mpaka getini, na kwenye ubao wa matangazo ikabandikwa karatasi yenye maneno ya mama mkubwa karibu kama alivyoyasema, ila sehemu ya ndevu ilitolewa.

Siku hiyo alinituma na birika la chai kwa madereva saba na fundi wa bodi. Alisema nimwambie kila mmoja, "Konda anakushukuru." Kwa mtu kama mimi hiyo ni mikutano minane. Niliifanya yote minane. Dereva wa basi la kijani alinijibu kwamba anayepaswa kushukuru ni yeye, kwa sababu sasa analala.

Mimi mwenyewe mama mkubwa sijamwambia asante. Kwangu maneno hayatoki mbele ya mtu, ndiyo maana nimeyaandika, na yeye huvaa miwani yake akasoma kila karatasi anayoikuta, hata ya kufungia sabuni. Atayaona.

Msimamizi bado hupita, mara moja kwa wiki hivi. Haingii bila hodi. Huchukua kalamu sikioni, akagonga mlango nusu kwa ncha yake, mara moja, akasubiri. Ndani, watoto kumi na mmoja wanaacha walichoshika na kuinua mikono, yule aliyekuwa wa miezi minane akiwemo, ambaye sasa ana miezi kumi na mmoja na meno mawili.